Kimondo cha Fundi Miwani

Jumamosi asubuhi duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu. Mafundi bomba walisukumana na mafundi rangi, na kila mmoja alidai kwamba ndiye aliyetangulia. Katikati ya msongamano huo alisimama mpigapicha, binti aliyevaa gauni la buluu lenye mifuko mikubwa na raba nyeupe zilizokwisha kuingia vumbi. Nyumbani kwao walimwita Popo, kwa kuwa kazi aliyoipenda aliifanya gizani.

"Naomba utepe mweusi," alimwambia muuzaji.

"Unafunga nyaya, dada?"

"Nafunga lenzi ya kamera."

Nyuma yake mtu aliguna kana kwamba amekanyagwa. "Gundi kwenye lenzi! Dada yangu, unaniua mchana kweupe."

Popo aligeuka. Alimwona mwanamume mrefu, mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi bila kunyanzi hata moja, ameshika kifuko cha skrubu ndogo mno.

"Kwani lenzi ni yako?"

"Si yangu, lakini mimi ni fundi miwani. Nikiona kioo kichafu silali."

"Basi pole, maana hiki changu kitalala na utepe wake."

Walicheka wote wawili. Kabla hawajatoka dukani, fundi alikwisha kujua kwamba binti huyu alikuwa na studio ya picha za pasipoti, na kwamba kila mwaka alipanda mlima ulioko nje ya mji kupiga picha za mvua ya vimondo. Popo naye alikwisha kujua kwamba fundi hakuwa na mke, na kwamba alipenda kusema.

Mapenzi yalifuata, na simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Unamuwaza nani sasa hivi?"

"Mteja aliyefumba macho katika kila picha."

"Na mimi je?"

"Wewe zamu yako ni nikishafunga duka."

Usiku wa vimondo ulipofika, Popo alikuwa na jambo zito moyoni. Maktaba ya mji ilikuwa imemwahidi nafasi ukutani katika maonyesho yake, endapo angeleta picha nzuri ya vimondo kabla ya wiki kwisha. Alikuwa amechoka kujulikana kwa vichwa vya pasipoti peke yake. Alikwenda na fundi. Na shangazi yake, muuguzi mstaafu asiyekubali binti wa kaka yake akae mlimani na mwanamume bila shahidi, alikwenda na kiti chake.

"Yaani mmeacha vitanda vyenu mje kupiga picha giza?" shangazi aliuliza.

"Si giza, shangazi, ni vimondo."

"Vinaangukia wapi? Nisije nikapigwa kichwani."

"Haviwezi, shangazi," fundi alieleza. "Vinaungulia huko huko juu."

"Nani amekuuliza wewe? Shika kiti."

Popo alielekeza kamera angani, akaizungusha pete ya lenzi mpaka nyota zikawa kali kama ncha za sindano, kisha akaifunga pete kwa utepe ili isisogee. Kamera ilianza kujipigia yenyewe, picha baada ya picha. Kwa kuwa alikuwa ametoka kupiga picha za harusi mbili mfululizo, macho yalimlemea.

"Umande ukitanda, futa kioo," alimwambia fundi, akaingia katika gari walilokuja nalo kujinyoosha.

Umande ulitanda; fundi akafuta. Ndipo vidole vyake vilipogusa ukingo wa utepe, uliokwisha kunasa vumbi. Fundi miwani hajui kuiacha kazi nusu. Aliubandua, akaisugua pete kwa kitambaa chake laini kuizunguka yote, mpaka ikang'aa. Pete ilisogea kidogo sana. Juu yake vimondo vilianza kuanguka kwa wingi.

Asubuhi, studioni, kila nyota ilionekana imevimba kama tone la maziwa, na vimondo vilikuwa michirizi ya ukungu.

"Nani ametoa utepe?"

"Mimi," alijibu fundi kwa fahari. "Ulikuwa mchafu, nikakusafishia."

"Umeziharibu zote."

Fundi alishtuka, na katika kushtuka akasema la kwanza lililomjia. "Basi usilie, mpenzi. Si picha tu? Mwakani vitarudi."

Yeye alidhani anambembeleza. Popo alisikia kwamba kazi yake ni mchezo wa kitoto.

"Picha tu," alirudia polepole. "Toka studioni kwangu."

Nafasi ya ukutani alipewa mtu mwingine aliyeleta picha ya daraja. Fundi alipiga simu mara nyingi kabla ya Popo kupokea.

"Popo, ni mimi."

"Hapa ni studio. Nikusaidie nini?"

"Nisaidie kunisamehe."

"Huduma hiyo hatuna." Akakata.

Miezi ilipita. Siku moja shangazi aliuliza, "Yule mrefu yuko wapi?"

"Yuko dukani kwake."

"Alikuwa anashika kiti vizuri," alisema shangazi.

Wiki moja kabla ya vimondo vya mwaka uliofuata, adhuhuri, studio ikiwa imejaa wateja, fundi miwani aliingia. Macho yake yalikuwa mekundu, na shati lake, kwa mara ya kwanza, lilikuwa na makunyanzi.

"Nimekuja kwa mambo mawili," alisema. "La kwanza ni hili."

Alimpa picha. Alikuwa ameazima kamera, akakesha kule mlimani usiku baada ya usiku, ili ajue alimnyang'anya Popo kitu gani. Katika picha, mstari mweupe ulikata anga, wenye nukta zilizopangana sawasawa. Popo aliutambua papo hapo. Angeweza kunyamaza, lakini katika mambo ya picha hakuwahi kumdanganya mtu.

"Hiki si kimondo. Ni ndege."

"Ndege gani?"

"Ya abiria. Nukta hizi ni taa zake."

Fundi aliketi kwenye kigoda cha wateja. "Nilipiga kelele peke yangu kule juu," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaukumbatia mti. Kumbe ni watu wanakwenda zao safari." Aliinua macho kumtazama Popo. "Ndivyo ulivyojisikia asubuhi ile. Nami nikakwambia ni picha tu."

Popo alikuwa na maneno makali aliyoyatunza mwaka mzima. Aliyatafuta, asiyaone, badala yake alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na jambo la pili?"

"Nilitaka kukuposa. Lakini mtu hawezi kuposa kwa picha ya ndege."

"Nani kakwambia hawezi?"

"Mjibu vizuri, binti," alisema bibi mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Sisi tunataka picha zetu."

Popo alichukua simu.

"Shangazi, wiki ijayo tunapanda mlima."

"Wewe na nani?"

"Na mchumba wangu."

"Mchumba! Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Ngoja nikupe uzungumze naye."

Fundi alisimama, akafunga kifungo cha shingoni, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mrefu?"

"Ndiye mimi, shangazi."

"Umekawia sana."