Mlango wa Puto

"Mtoto wa kaka yako ni mnyama, Ma Deodatha! Narudia, na majirani wote wasikie: mnyama!"

"Punguza sauti, Ma Eugenia. Mtoto wa kaka yangu ana jina. Anaitwa Anatory."

"Mvua ya mawe inampiga binti yangu, anagonga mlango, mtu yumo ndani, mkavu, anamwona kabisa! Halafu anamfukuza kwa mkono, hivi, kama kuku aliyeingia kwenye maharage! Kwetu mtu akinyeshewa anafunguliwa, hata kama mna kesi naye!"

"Kwani wewe ulikuwepo?"

"Nundu ya kichwani kwa mwanangu ilikuwepo!"

Kokuberwa alikuwa uani akimenya ndizi, na kila neno lilimfikia, kama lilivyoifikia nusu ya kijiji cha Kihanga. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na mstari mmoja tu wa migomba, na vinywa vile viwili havikuhitaji spika. Kesho yake, Jumamosi, wazee wa Anatory walitarajiwa kuja na pombe ya uchumba. Mama yake, Eugenia, alikwisha kuapa kwamba watarudi nayo vibuyu vikiwa vimejaa.

Na mambo yalikuwa yameanza vizuri! Mwaka uliotangulia, themanini na saba, gulioni Omurushaka, kijana mrefu mwenye suruali ya kaki iliyonyooshwa pasi alipita na bunda la kamba begani, akalisukuma beseni la nyanya la Kokuberwa, zikatawanyika. Siku hiyo Koku alikuwa amevaa gauni la njano lenye mabega ya kuumuka, na hakuwa tayari kuokota kitu.

"Kaka, kamba yote hiyo unakwenda kumfunga nani?"

"Nyumba," Anatory alijibu, tayari yuko chini anaokota.

"Nyumba inafungwa kamba? Ni mbuzi?"

"Yangu ukiifungua inaruka, dada."

Koku alicheka hadi akasahau kudai nyanya zilizopasuka. Kumbe hakudanganywa. Pale kwenye kituo cha masista palikuwa na bwawa la maji ya uvuguvugu, ambamo watoto waliopooza kwa polio walifanyia miguu yao mazoezi, na juu ya bwawa kulikuwa na paa la nailoni nzito, jeupe, lisilo na nguzo wala boriti. Hewa tu ndiyo iliyolishikilia. Jenereta iliendesha feni mchana na usiku, na watu wakaliita Puto. Anatory ndiye aliyekuwa mlinzi wake: akaze kamba, apigilie vigingi ardhini, na mawingu yakianza kuwa meusi upande wa Rwanda aongeze mwendo wa feni, Puto likakamae, upepo usilikunje.

"Wewe una mke tayari," Koku alizoea kumtania. "Unampuliza, unamfunga, na akipiga chafya unaamka."

"Huyo wa kazini, mpenzi. Wa nyumbani ni wewe."

Wa nyumbani! Jumanne alikuwa akitoka mashineni na unga kichwani, mawe ya mvua yakamkuta mbele ya Puto hilo hilo. Akagonga. Kwenye kidirisha cha plastiki akauona uso wa mchumba wake, na mkono ukipunga: toka, toka. Akakimbilia migombani, unga ukawa uji, kichwa kikaota nundu. Na tangu hapo siku tatu, Anatory hakuonekana hata kuuliza kama amekufa.

Koku alikitupa kisu. Akanawa, akavaa lile gauni la njano ili mtu ajue anachokipoteza, akaifunga kwenye leso saa ya mkononi aliyopewa na Anatory, amrudishie, akashika njia ya kituoni.

Puto lilikuwa na milango miwili, na kijichumba kati yake. Koku aliingia mlango wa kwanza, akauacha wazi nyuma yake. Akashika kitasa cha pili.

"Funga huo wa nyuma kwanza!" sauti ya Anatory ililia kutoka ndani.

Hakuja kuamrishwa. Akafungua.

Mlango ukamponyoka. Hewa ikatoka kwa kishindo, ikamvua kilemba na kukirusha nje. Juu, lile paa jeupe likalegea, likabonyea katikati, likaanza kushuka kuelekea majini. Watoto tisa walikuwa humo. Hakuna aliyeweza kukimbia. Walipiga kelele tu, macho juu.

Anatory alifika mbio, wakausukuma mlango kwa mabega, yeye na Koku, hadi ukabana. Feni ikanguruma. Paa likainuka, polepole kabisa.

"Unataka kuwaua watoto?" Anatory alifoka.

"Wewe ulitaka kuniua mimi!"

"Jumanne mlango wa nje haukuwepo, Koku! Upepo ulikuwa umeng'oa bawaba na kukiezua kijichumba. Nimeurudishia leo asubuhi. Ulibaki huu mmoja tu, na hawa walikuwa majini!"

Koku aliliangalia paa.

"Na kunifukuza kama kuku?"

"Nilikuonyesha jiko la masista! Hatua ishirini, nyuma yako! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikakuona unakimbilia migombani, na kutoka siwezi."

"Na siku tatu? Miguu yako nayo iling'oka bawaba?"

"Nilikuja Jumatano. Mama yako alinipokea njiani na panga la kukatia mkungu. Akasema umeapa hutaki kuniona."

"Mimi? Nimeapa lini?"

"Dada," mtoto mmoja alisema kutoka bwawani, "msamehe tutoke, vidole vimekunjamana."

Koku akaitoa saa kwenye leso, akaivaa tena, akamshika Anatory mkono amvute, akashtuka. Viganja vilikuwa vimechunwa na kamba za Puto tangu dhoruba ya Jumanne, vyekundu.

Eugenia aliwaona wakitokea njiani, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama," Anatory alisema.

Eugenia aligeuzia uso migombani.

"Mama," Koku alisema, "Jumatano alikuja nani hapa?"

"Ehe!" Deodatha alidakia kutoka migombani.

"Nilikuwa nakulinda!"

"Ulinilinda kwa uongo! Mlango ule leo nimeufungua mwenyewe, mama. Nusura niwafukie watoto tisa. Ningekuwa mimi ndani siku ile, ningekufungia hata wewe."

Eugenia aliondoa mikono kiunoni. Akamtazama kijana, akateremsha macho hadi kwenye viganja.

"Hao masista walikosa matofali?"

"Sijui, mama."

"Hasira yangu haijaisha."

"Ndiyo, mama."

"Na kesho wazee wako wa huko Kituntu wawahi, sipendi kusubiri wageni." Akageukia migombani. "Deodatha, acha kuchungulia, leta chumvi uje tule. Koku, mpe mwenzio maji, anawe taratibu na mikono hiyo." Akasogea kando ya mlango. "Marahaba. Ingia, ndizi zinapoa."