Herufi Moja Iliyozidi

"Fungua mkoba."

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe. Fungua mkoba, tafadhali."

Gundi alinitazama kama mtu aliyesomewa tangazo la msiba wake mwenyewe. Tulikuwa tumebakiza wiki saba tufunge ndoa. Pete niliyomvisha ilikuwa kidoleni, imeingia vumbi la karatasi kuukuu, maana kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vilivyochakaa kwenye makumbusho ya Biblia. Ndiyo sababu kila mtu, hata mchungaji wetu, alimwita Gundi. Mimi ni mpelelezi wa polisi. Ijumaa ile nilisimama mbele ya meza yake ya kazi nimevaa glavu, wafanyakazi wenzake tisa wamejipanga ukutani wanatukodolea macho.

"Mpenzi," alisema taratibu, "ukinipekua hapa mbele ya watu, ujue unaipekua na ndoa yetu."

"Ni utaratibu tu. Wote wamepekuliwa."

"Haya. Pekua."

Nikapekua. Chini ya mtandio na chupa ya maji, ndani ya bahasha ya kaki, nikakikuta. Kipande cha karatasi ya mafunjo, ukubwa wa kiganja, rangi ya majani ya chai, kina mistari sita ya Kigiriki. Jumapili kingezinduliwa mbele ya maaskofu na wageni kutoka nje, kwamba ni sehemu ya waraka wa Paulo kwa Filemoni, nakala ya zamani kuliko zote. Dakika arobaini kabla ya hapo nilikuwa nimepigiwa simu kwamba kimeibwa.

"Mungu wangu!" sauti ilisikika nyuma yangu. "Binti yangu, kwa nini?"

Alikuwa Mkurugenzi wa makumbusho. Kwangu mimi ni Baba Mdogo. Baba alipofariki nikiwa na miaka saba, ndiye aliyenichukua, akanisomesha, akanifundisha kusali na kunyoa ndevu.

Gundi hakulia. Aliinua kidevu.

"Mkurugenzi, usiniite binti yako. Na wewe, Afande, zifunge hizo pingu vizuri. Usinifunge kama unanivisha bangili."

*

Kituoni, mkuu wangu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliniita pembeni.

"Mshukiwa ni mchumba wako?"

"Ndiyo, Afande."

"Mlalamikaji ni mzazi wako?"

"Ndiyo, Afande."

"Basi kesi hii siyo yako tena. Kaa nayo mbali. Nakupa dakika kumi ukamuage."

Nilimkuta amekaa wima kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kama yeye ndiye aliyekuja kunihoji.

"Gundi, niambie ukweli."

"Jumatano nilikuambia, ukanijibu nini?"

Nilikumbuka vizuri. Jumatano alinipigia akisema kuna jambo baya kuhusu kile kipande. Nilimjibu kwamba Baba Mdogo ni msomi, hawezi kukosea, na nikamwambia aache kujitafutia ugomvi na wakwe kabla hata hajaolewa.

"Naomba nirudishe maneno yangu," nilisema.

"Maneno siyo sahani. Lakini sikiliza, dakika zako ni kumi. Kile kipande ni cha uongo."

"Umejuaje?"

"Kwenye maktaba yetu kuna Agano Jipya la Kigiriki, jalada la kijani, rafu ya tatu. Lilichapwa miaka sabini iliyopita. Mwaka juzi nililishona mgongo. Katika Filemoni, pale Paulo anapomwita Onesimo ndugu mpendwa, mchapaji alikosea. Hilo neno 'mpendwa' kalipa herufi moja iliyozidi. Nilicheka siku ile. Sasa wiki iliyopita Mkurugenzi ananiletea mafunjo yenye miaka elfu moja na mia nane, nisaini cheti kwamba ni ya kweli. Naweka lenzi, nakuta nini?"

"Herufi ile ile?"

"Ile ile! Na mistari yote sita inakatika palepale inapokatika kwenye kitabu. Kosa la kiwanda cha juzi limeingiaje kwenye mkono wa mwandishi wa enzi zile? Alipanda ndege?"

"Ukamwambia?"

"Niliandika ripoti ya kurasa mbili. Akaichana mbele yangu. Akaniambia, 'Saini, tulia, uolewe.'" Alicheka bila furaha. "Unamkumbuka mfalme Yehoyakimu? Aliletewa gombo la Yeremia, hakulipenda, akalikata vipande kwa kisu na kulitupa motoni. Yeremia alifanya nini? Alimwita Baruku, likaandikwa jingine lenye maneno mengi kuliko la kwanza. Basi na mimi nikaandika ya pili. Kurasa sita. Alhamisi nikamwekea mezani. Ijumaa umenifunga pingu."

"Unataka kusema Baba Mdogo ndiye aliyekitia kwenye mkoba wako?"

"Mimi sisemi. Wewe si mpelelezi? Kapeleleze."

*

Jumamosi asubuhi mama yake alimtoa kwa dhamana. Nilipopiga simu haikupokelewa. Ukaja ujumbe:

"Usije nyumbani. Pete iko kwa mama. Kama unakuja kuomba msamaha, sina nafasi. Kama una ushahidi, mpelekee mkuu wako."

Muda huohuo ukaingia mwingine, wa Baba Mdogo:

"Pole mwanangu. Mwanamke siyo huyo tu. Mungu amekuepusha. Kesho ukae na mimi safu ya mbele."

Nilizisoma zote mbili nikiwa nimesimama jikoni, chai imepoa. Kusema kweli niliomba Gundi awe amekosea. Unapomtilia shaka mtu aliyekulea, ni kama kukata tawi ulilokalia. Lakini nilivaa viatu.

Msimamizi wa maktaba alinifungulia bila maswali. Rafu ya tatu, jalada la kijani. Nikafungua Filemoni. Kigiriki sikijui, ila kuhesabu herufi najua, na picha ya kipande nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaweka kidole kwenye kitabu, kingine kwenye picha, nikaenda herufi kwa herufi kama mtoto wa chekechea. Herufi iliyozidi ilikuwepo. Mistari ilikatika palepale, sita kwa sita.

Kisha nikageuza jalada la nyuma. Kwenye kibahasha kulikuwa na kadi ya kuazimia. Kitabu hakikuguswa miaka mingi, halafu mwezi wa tatu mwaka huu kiliazimwa siku arobaini na kurudishwa kwa wakati. Baba Mdogo hapendi kuchelewesha vitabu vya watu. Saini yake niliijua kabla sijajua kuandika jina langu. Iko kwenye ripoti zangu zote za shule.

Niliketi sakafuni.

Hata hivyo, kuazima kitabu siyo jinai. Nikaenda mapokezi, nikafungua daftari la wageni. Kundi la mwisho siku ya Ijumaa lilikuwa la watoto wa shule ya Jumapili, na namba ya simu ya mwalimu wao iliandikwa pale.

"Mwalimu, shikamoo. Jana mlipiga picha pale makumbusho?"

"Marahaba. Tulipiga, mbona! Watoto hawakutaka kutoka. Tulitakiwa tutoke saa kumi kamili, wakang'ang'ania kile kipande cha Paulo."

"Nakuomba unitumie ya mwisho. Na uniambie ilipigwa saa ngapi."

Picha ikaja. Watoto ishirini wamekenua meno, na nyuma yao, ndani ya kabati la vioo, kipande kimetulia mahali pake. Chini yake mwalimu ameandika: "Saa kumi na dakika ishirini na tano."

Nikafungua orodha ya simu zangu. Baba Mdogo alinipigia akihema, akisema kipande kimeibwa, saa kumi na dakika kumi.

Kwa dakika kumi na tano nzima, kitu kilichoibwa kilikuwa kinapigwa picha na watoto.

Mkuu wangu alivitazama vielelezo vyote, akanitazama na mimi.

"Nilikuambia ukae mbali na kesi hii."

"Nilikaa mbali, Afande. Hatua mbili hivi."

Hakucheka. Lakini alichukua kalamu.

"Kesho tutaenda wote kwenye huo uzinduzi. Wewe usiongee mpaka nikuambie."

*

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulifurika. Kipande, kilichorudishwa kwa ruhusa ya mkuu wangu, kilikuwa ndani ya kabati la vioo kando ya jukwaa. Baba Mdogo alipanda jukwaani na suti ya kijivu, akaanza kueleza jinsi Mungu alivyokihifadhi kipande kile kwa karne nyingi. Sauti yake ilikuwa ile ile iliyonisomea hadithi za Yusufu na ndugu zake kitandani.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Gundi akaingia, gauni la bluu, kurasa mkononi, mama yake nyuma kama mlinzi wa rais.

"Mkurugenzi, naomba nafasi niseme."

Ukumbi mzima ukageuka. Minong'ono ikapita: ndiye huyo, mwizi.

"Mtoeni huyo!" Baba Mdogo alisema. "Ana kesi ya wizi huyo!"

Walinzi wawili wakaanza kumfuata. Mkuu wangu alikuwa bado hajaniambia niongee. Nikasimama hivyo hivyo, nikaenda kujiweka katikati yao na Gundi.

"Atakayemgusa atanigusa mimi kwanza," nilisema. Kisha nikawageukia watu. "Mimi ndiye niliyempekua. Mimi ndiye niliyemfunga pingu. Nilimkosea. Mwacheni aseme."

"Mwanangu!" Baba Mdogo aliita. "Unaniaibisha kwa ajili ya mwanamke?"

"Hapana, Baba. Kwa ajili ya ukweli ulionifundisha wewe."

Gundi hakunitazama. Alipita pembeni yangu, akapanda jukwaani, akasoma kurasa zote sita, neno kwa neno, bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye ile herufi iliyozidi, mchungaji wetu, anayekijua Kigiriki, alisogea kwenye kabati, akavaa miwani, akainama. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Waandishi wa kale nao walikosea!" Baba Mdogo alisema. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Walikosea," Gundi alijibu. "Ila hawakukosea kwa kunakili kitabu ambacho hakijachapwa. Na kitabu hicho ulikiazima wewe, siku arobaini."

Mkuu wangu alisimama polepole, akaniashiria kwa kichwa. Nikaisoma kadi. Nikaonyesha picha ya watoto. Nikataja saa ya picha, kisha saa ya simu yangu.

"Ulinipigia mapema, kabla hata hujakitoa kabatini, ili nifike kabla Gundi hajatoka kazini saa kumi na moja," nilimwambia. "Ulidhani saa kumi wageni watakuwa wameondoka. Watoto wakachelewa kutoka. Lakini kwa nini uniite mimi, Baba? Polisi wako wengi."

Alikaa kwenye ngazi ya jukwaa. Ghafla alionekana mzee.

"Kwa sababu wewe ukikikuta, nani angebisha?" alisema. "Nani angesema umemsingizia mchumba wako mwenyewe?"

Watu waliguna. Akainua macho, akamtazama Gundi.

"Sikutaka kukuumiza. Watu hawaji tena hapa, binti. Vijana wanasema haya yote ni ngano. Nilitaka waone kitu kwa macho yao, waamini."

"Ayubu aliwauliza rafiki zake kama wanataka kumsemea Mungu uongo," Gundi alisema. "Hawakuwa na jibu. Wewe unalo?"

Mkuu wangu alimshika mkono, akamsaidia kuinuka, akaondoka naye.

Nje, Gundi alikuwa anashuka ngazi. Nikamkimbilia.

"Gundi. Tafadhali."

"Leo umefanya kazi yako ya polisi, na umeifanya vizuri. Ila sikuchumbiwa na polisi. Niliyechumbiwa naye alininyima masikio Jumatano."

"Nifanye nini?"

"Sijui. Mimi natengeneza vitabu, wanaume sijasomea."

Mama yake akanipita, akanong'ona bila kugeuka: "Huyu alizaliwa na kichwa kigumu. Usipochoka, atalainika. Ukichoka, nitajua hukuwa mkwe."

*

Sikuchoka. Kila Jumatano, siku ile niliyomnyima masikio, nilikwenda kwao, nikakaa sebuleni na kuuliza: "Leo kuna nini kazini?" Wiki tatu za kwanza alinijibu mama yake. Ya nne alinijibu yeye, kwa maneno mawili. Ya tisa alinieleza saa nzima kuhusu mende wanaokula karatasi, na sikuwahi kusikia hadithi tamu kama ile. Ya kumi na mbili alikuja ameshika pete.

"Nivishe. Ila nikisema kuna jambo baya, unasikiliza kwanza. Ubishi baadaye."

"Nimekubali."

"Na Baba Mdogo wako tumwalike."

Nilishtuka. Alikuwa ameachishwa kazi na kesi yake ilikuwa mahakamani.

"Umemsamehe?"

"Nimemsamehe. Paulo alimwomba Filemoni ampokee Onesimo, na maneno yale ni ya kweli hata kama kipande kilikuwa cha uongo. Ila ushahidi wangu mahakamani uko palepale. Mwambie yote mawili, asije akachanganya."

Nilimwambia yote mawili. Alilia kwenye simu, kisha akasema atakuja.

Siku ya harusi alikaa benchi la mwisho, peke yake, na suti ile ya kijivu. Mchungaji akafika pale anapouliza kama kuna mtu mwenye pingamizi. Kabla hajamaliza sentensi, Gundi alikwishageuka. Akafunua shela kwa mikono miwili, akalipitisha jicho kanisani benchi kwa benchi, taratibu, kama anayehesabu kurasa. Kuna shangazi alikuwa anakohoa, akaacha. Jicho lilipofika benchi la mwisho, Baba Mdogo alisimama.

"Sina pingamizi," alisema mbele ya watu wote. "Na yule siyo mwizi. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mdomo wangu."

Akakaa. Gundi akamwitikia kwa kichwa mara moja, akashusha shela, akamgeukia mchungaji.

"Endelea," alisema.