Mwalikwa wa Bwawani

Fiona alikuwa na miaka saba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumjibu mtu kwa Kiswahili. Alikisikia vizuri. Ukimwambia lete kijiko, analeta. Ukimwambia kaoge, ananuna na kwenda. Lakini jibu lilitoka kwa Kiingereza, kama ilivyo kwa watoto wengi waliozaliwa huku Richfield, Amerika, na baba yake, Gwakisa, alishakata tamaa. Ndipo Jumamosi moja ya Februari, saa sita mchana, wakiwa mezani, Gwakisa akamuuliza kwa mazoea tu, "Umeshiba?"

"Nimeshiba," mtoto akajibu. "Ila samaki wenu hana ladha."

Christina, mama yake, alicheka hadi machozi yakamtoka, akachukua simu kumpigia mama yake Iringa ampe habari njema. Gwakisa naye alicheka. Baadaye, alipokuwa nje akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, ndipo lile neno likamrudia. Wenu. Na jinsi mtoto alivyolisema, mdomo umepinda upande, kama mtu anayemfadhili maskini kwa kukubali kula chakula chake.

Sura ile aliijua. Ilikuwa yake mwenyewe.

Gwakisa alikuwa mhandisi wa pampu za maji katika kampuni moja ya Saint Paul. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, kampuni ilikuwa imemtuma Dhaka, Bangladesh, kwa siku kumi. Mwenzake wa ofisini aitwaye Tofazzal, Mbengali mpole aliyekuwa kwenye likizo ndefu kwao, alimwomba akamwone bibi yake kijijini. Gwakisa hakutaka. Vijiji alivijua. Alizaliwa katika kimoja huko Rungwe, akakikimbia, na tangu hapo aliamini kwamba mtu anayebaki kijijini ana kasoro fulani kichwani. Alikubali kwa sababu kukataa kungeonekana vibaya ofisini.

Walisafiri saa tano kwa gari, kisha wakapanda baiskeli ya miguu mitatu yenye ubao nyuma, wamekaa miguu ikining'inia kama magunia, wakipita mashamba ya haradali yaliyochanua manjano. Kijiji kilikuwa kimya. Nyumba za mabati, nyua zilizokandikwa udongo zikang'aa kama sahani, vyungu vikining'inia kwenye mitende kukinga utomvu, na nyuma ya yote kichaka cha mianzi kilicholia taratibu upepo ulipopita. Watoto walimfuata kwa mbali. Wazee walisimama kumsalimu. Bibi yake Tofazzal, kikongwe mfupi mwenye sari nyeupe, alimshika mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kiti pekee chenye mto, akamwandalia mikate ya mchele yenye sukari guru. Walipopika samaki mkubwa kwa ajili yake, kichwa walimwekea yeye, maana huko kichwa ni heshima ya mgeni.

Gwakisa alikitazama kile kichwa, akatoa simu, akamtumia Christina ujumbe wa sauti. Alisema kwa Kiswahili huku akitabasamu na kutikisa kichwa kwa shukrani, ili wenyeji wadhani anawasifu.

"Kijiji gani hiki, mama, kimya mpaka masikio yanawasha. Watu wamekaa wanakodoa macho kama bundi. Chakula chao kinanuka tope. Mtu wa maana akilala hapa siku mbili, anaamka kesho yake na yeye ni bata."

"Anasema nini?" bibi aliuliza kwa Kibengali.

"Namwambia mke wangu sijawahi kukirimiwa hivi," Gwakisa alimjibu Tofazzal, na Tofazzal akatafsiri, na kikongwe akajifuta macho kwa ncha ya sari.

Saa sita mchana bibi alichukua kipande kizuri cha yule samaki, akakiweka juu ya jani la mgomba, akashuka nacho ngazi za matofali za bwawa lililo nyuma ya nyumba, hadi ya mwisho, pale maji yanapogusa. Alikiacha hapo akapanda kimya. Tofazzal alieleza kwa sauti ya chini kwamba mle majini mna mwenyewe, wa tangu enzi za babu wa babu. Anapewa chake, na saa hiyo hakuna anayekwenda kuoga wala kupiga kelele.

Gwakisa alingoja wenyeji waingie ndani kupumzika. Kisha akashuka. Maji yalikuwa ya kijani, yamefunikwa magugu maji, na hayakutikisika. Alilisukuma lile jani kwa ncha ya kiatu, mara moja, mara mbili, mpaka likapinduka na samaki akazama.

"Wewe uliye humo," alisema, "kama kweli upo. Unakaa kwenye kidimbwi hiki kulamba miiba ya maskini? Njoo kwangu Amerika. Samaki tunaye amejaa friza."

Magugu maji yaliachana. Njia nyembamba ilifunguka kutoka katikati ya bwawa, ikaja taratibu hadi kwenye ngazi aliyosimama, ikaishia pale. Gwakisa alijiambia ni kobe, akapanda kwenda kulala.

Sasa, huku Richfield, mambo yakaanza moja baada ya jingine, na yote mchana kweupe. Kwanza harufu. Ilitoka besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba; ilikuwa harufu ya tope bichi na magamba ya samaki, nyumba ikiwa imefungwa dhidi ya baridi na nje theluji imefika magotini. Gwakisa alimwita fundi bomba, akamsimamia, akamwona mjinga aliposema mabomba ni mazima. Kisha samaki wa friza. Christina aliwakuta kwenye ngazi ya mwisho ya besimenti, mifupa mitupu, imepangwa kwa ukubwa, vichwa vimeachwa bila kuguswa na vyote vimegeuzwa kutazama juu.

"Baba Fiona," alisema kwa sauti ya chini, "huyu mtoto anashuka kule kila mchana. Anakaa kwenye ile ngazi na kuongea."

"Watoto wote wanaongea peke yao."

"Anaongea Kiswahili. Na si cha kwangu. Anavuta maneno kama wewe."

Mwalimu wa shule alipiga simu akifurahi kwamba Fiona sasa anazungumza lugha ya nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Gwakisa alishukuru. Alipokata simu alimwambia Christina kuwa walimu wa siku hizi hata kikohozi wanakipigia makofi. Lakini mtoto aliacha kabisa kujibu kwa Kiingereza. Alikonda. Vidole vyake vilikunjamana kama vya mtu aliyeshinda majini, ingawa vilikuwa vikavu, na daktari alivitazama akaandika mafuta ya ngozi.

Kisha akaanza kuwasema. Alikaa mezani mikono mapajani, akazungusha macho sebuleni, kwenye makochi, kwenye picha ya harusi, kwenye dirisha ambalo nje yake ndege zilishuka kuelekea uwanjani, akasema polepole, "Nyumba gani hii. Kimya mpaka masikio yanawasha."

Christina alimtazama mumewe. Ule ujumbe wa sauti bado ulikuwa kwenye simu yake.

"Alisikiliza simu yako," Gwakisa alisema upesi. "Anaiga tu."

"Mtu wa maana akilala hapa," mtoto aliendelea, na sasa alikuwa akimtazama baba yake, "anaamka kesho yake na yeye ni bata. Ulinialika. Nimekuja. Jani langu liko wapi?"

Jumamosi iliyofuata Christina alikuwa kazini hospitalini. Gwakisa alisikia maji yakifunguliwa bafuni, akaangalia saa, ikawa saa sita kamili, akamwita Fiona asiitikiwe. Akapanda ngazi bila haraka kwa sababu bado alikuwa akijiambia hakuna kitu, akakuta mlango umekomewa kwa ndani na maji yanapita chini yake yakiwa ya kijani, akaupiga bega mara tatu mpaka kitasa kikang'oka, na hapo akamwona mwanawe amelala chali ndani ya hodhi la kuogea, maji yamemfunika uso, macho wazi, midomo ikitembea taratibu bila povu hata moja, anaongea, anaongea kule chini kama mtu aliyejinyoosha kitandani kwake, na ile sauti haikutoka majini bali nyuma yake yeye Gwakisa, kutoka kwenye ngazi, karibu na kisogo, ikisema kwa uchovu na dharau, "Maji yenu nayo. Hayana hata samaki."

Alimtoa. Alikuwa hai, anapumua, mzito kama gunia la mchanga lililolowa.

Jioni ya kesho yake Christina alimleta Hamida, rafiki yake wa kazini, mtu wa Tanga. Kwa miaka mingi Gwakisa alikuwa amemcheka Hamida kwa udi wake na visomo vyake. Hamida hakumkumbusha hilo. Alivua viatu, akashuka besimenti alikokaa mtoto, akasimama ngazi tatu juu yake, akatoa salamu.

Aliyejibu salamu kwa utaratibu alikuwa mtoto. "Afadhali humu ameingia mwenye adabu," alisema.

Hamida alipanda akiwa amekauka midomo. "Mimi si mganga, dada Christina. Baba yangu ndiye alikuwa. Lakini hili naliona. Huyu hakutumwa wala hakuvamia. Amealikwa. Na ana kwao. Shemeji, nani alimwalika?"

Gwakisa aliketi. Akasema yote, la jani na la kiatu, akitazama zulia.

"Basi mpigie mwenye bwawa," Hamida alisema. "Amwite yeye."

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na huko saa kumi na mbili asubuhi. Tofazzal alipokea simu akiwa uani kwa bibi yake. Alifurahi kusikia sauti ya Gwakisa, mpaka Gwakisa alipoanza kueleza. Gwakisa alilazimika kutafsiri mwenyewe kila neno la ule ujumbe wa sauti, bundi, tope, bata, na Tofazzal akalazimika kumwambia bibi yake.

Kikongwe alizungumza kwa muda mfupi.

"Bibi anasema alijua," Tofazzal alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu wa ofisini. "Anasema macho yako hayakuwa yanacheka. Anasema amewahi kulisha mbwa wa njiani wakamshukuru vizuri zaidi. Lakini mtoto hana kosa. Weka spika."

Walishuka na simu. Walisikia nyayo za kikongwe kwenye matofali, wakasikia kunguru wa asubuhi, kisha sauti nyembamba ikaanza kuita, ai, ai, yaani njoo, njoo, kama mtu anayerudisha bata bandani. Fiona aliinua kichwa. Ile sura iliyopinda ililegea. Alijibu kwa Kibengali, maneno mengi, kwa kunung'unika, kama mtoto aliyekawia matembezini anayejitetea.

"Amekubali kurudi," Tofazzal alisema. "Ila anasema mgeni hatoki nyumbani mikono mitupu. Anauliza, mnampa nini?"

Mtoto alikuwa ameanza kutetemeka, midomo ya bluu, na Gwakisa alitaka tu hili jambo la kishamba liishe.

"Mwambie achukue chochote anachotaka, aondoke."

"Shemeji," Hamida alisema, akamshika mkono. Lakini Tofazzal alikuwa ameshatafsiri.

Harufu ilikatika kama mtu aliyefunga mlango. Fiona aliporomoka, Christina akamdaka, akampakata, akamfuta uso huku akimwambia, "Mwanangu, ni mama. Mama yuko hapa. Unanisikia?"

Fiona alifumbua macho. Yalikuwa macho yake, ya woga, ya mtoto wa miaka saba. Alimtazama mama yake, akamgeukia baba, akauliza kwa Kiingereza mama anasema nini.

Walidhani ni uchovu. Haukuwa uchovu. Vidole vilinyooka, uzito ukarudi, shuleni akacheza, lakini Kiswahili hakikubaki hata chembe. Lete kijiko hakuelewa. Njoo hakuelewa. Christina alipomwimbia kabla ya kulala nyimbo alizomwimbia tangu yumo tumboni, alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine, na siku ya tatu akamwomba aache.

"Si kitu," Gwakisa alisema. "Lugha hufundishika."

Mwishoni mwa Machi, Tofazzal, ambaye alikuwa ameomba kuhamishwa meza ofisini, alimtumia ujumbe bila salamu. Aliandika kwamba wanawake wa kijijini hawashuki tena bwawani mchana. Si kwamba mwenyewe amekasirika, la; anakula chake na kutulia. Ila kuna mwingine amekuja naye, na hakuna anayeelewa lugha yake. Chini palikuwa na sauti iliyorekodiwa na ndugu zake huko bwawani.

Gwakisa aliifungulia ndani ya gari, mbele ya nyumba. Mianzi ikilia. Maji yakigonga matofali. Kisha mtoto wa kike, Kiswahili safi cha Iringa, bila dharau hata kidogo. "Mama. Mama, huku kimya. Mbona siku hizi huniimbii?"

Hakusikia Christina akitoka nje. Alishtukia mlango wa gari ukifunguliwa, mkono ukichukua simu. Christina alisikiliza mara moja tu, amesimama kwenye tope la theluji na kandambili miguuni. Hakulia. Aliingia ndani, na Gwakisa alipomfuata alimkuta ameshusha sanduku kabatini, anatafuta pasipoti.

"Unakwenda wapi?"

"Kumfuata mwanangu."

"Mwanao yuko hapa. Mama Fiona, mtazame, yuko hapa."

Mlangoni mwa chumba Fiona alikuwa amesimama, nywele zimesukwa vizuri, anawatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja mtu amwambie wanachosema.