Siku Pankras Alipoomba Gari Lichemshe

Asubuhi hiyo ya mwezi wa Julai ukungu ulikuwa bado umeulalia mji wa Mbinga, na stendi ilikuwa imejaa watu kama kanisa siku ya Krismasi. Ulikuwa msimu wa kahawa. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kila mwenye gari alilipakia na kila mwenye sauti alinadi kitu: mitumba, sabuni, betri, redio. Katikati ya zogo hilo pikapu moja ya kijani iliingia ikifuka mvuke, ikasimama mbele ya duka dogo la vipuri. Dereva wake, kijana mrefu mwenye shati la drafti na kofia ya sufu, aliruka chini, akafunua boneti, akanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

"Usiguse!"

Mkono wa mwanamke ulimdaka kabla vidole vyake havijafika.

"Unataka uso wako uive kama kiazi?"

"Dada, gari linakufa."

"Gari halifi kwa kusubiri. Utakayekufa ni wewe, kwa haraka yako. Keti hapo kwenye tairi."

Akaketi. Alijiita Pankras, mtu wa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, mbeba abiria na usipa, dagaa wa huko ziwani. Mwenye duka aliitwa Celestina. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe na kitenge cha manjano kiunoni, na mikono yake ilinuka petroli na mafuta ya nazi kwa pamoja, harufu ambayo Pankras hakuwahi kuikuta mahali pengine duniani.

Injini ilipopoa, Celestina alifungua mfuniko kwa kitambaa, akajaza maji. Akaukandamiza mkanda wa feni kwa kidole gumba, ulikuwa umekaza. Akayaminya mabomba ya mpira, la juu na la chini, hayakuvuja. Akawasha injini, akainama kutazama maji.

"Unatafuta nini humo?"

"Mapovu. Yakitoka, ujue gasketi imeungua na moshi unaingia kwenye maji."

"Na mimi unanionaje? Natoa mapovu?"

"Wewe unatoa maneno."

Mapovu hayakutoka. Akabadilisha thamostati, kile kilango cha maji ya injini, akaiacha injini iungurume, na mshale wa joto ukatulia katikati kama mtu aliyesinzia misani.

"Sioni ugonjwa wowote katika gari hili," alisema, akiwa amekunja uso.

"Basi mgonjwa ni mimi," alijibu Pankras.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kila alipopanda na mzigo, Pankras alipitia dukani kusema gari limechemsha tena mlimani. Kila mara lilikuwa limekwisha kupoa, na kila mara Celestina hakuona kitu. Wakimaliza ukaguzi walikunywa chai ya tangawizi mlangoni, magoti yao yakikaribiana, huku ukungu ukiinuka taratibu juu ya migomba na mashamba ya kahawa.

"Ninyi Wamatengo mnaogopa maji," Pankras alimchokoza.

"Na ninyi Wanyasa mnaogopa mlima. Ndiyo maana hata magari yenu yanatoka jasho."

"Njoo ziwani siku moja, mpenzi. Nitakuonyesha jua likizama huko Malawi. Maji yote yanakuwa rangi ya kitenge chako."

Celestina alicheka, lakini usiku huo aliota yuko juu ya maji ya manjano, na hakuogopa.

Majirani walikuwa na maneno yao. "Kijana yule anamwaga maji makusudi apate kukuona," walimtania. Yeye alitabasamu tu, ingawa neno hilo lilimchoma. Nyumbani kwao maneno "gari lilichemsha" hayakuwa ya kuchekesha. Baba yake, aliyekuwa dereva wa chama cha ushirika na ndiye aliyemfundisha injini, alikuwa akiyasema kila aliporudi amechelewa kutoka ziwani. Mama yake, Vitalia, aliamini, akapasha chakula moto, akasubiri. Kumbe huko ziwani kulikuwa na nyumba nyingine, mke mwingine na watoto. Mwishowe baba hakurudi tena.

Basi ilipofika Jumapili ambayo Pankras alitakiwa kuja kujitambulisha kwa mama, naye asitokee, mama alifunika sufuria za chakula. Kesho yake simu ililia katika ofisi ya mnunuzi wa kahawa iliyo jirani na duka, na Celestina akaitwa.

"Haloo? Mpenzi, unanisikia? Niko posta, Mbamba Bay."

"Nakusikia."

"Nisamehe. Nilifika katikati ya mlima, nikakwama mpaka giza likaingia, ikanibidi kurudi. Gari lilichemsha."

Waya ulikwaruza.

"Celestina?"

"Nimelikagua gari hilo mara ngapi, Pankras? Ni zima. Tafuta uongo mwingine. Huo kwetu umekwisha kutumika."

Akaweka simu. Jioni, mama yake alimkuta akisugua sufuria iliyokwisha takata.

"Unalia?"

"Hapana, mama."

"Sikiliza. Mimi nilikaa hapa nikisubiri kuambiwa. Sikuwahi kushuka nikaone. Wewe shuka. Ukikuta nyumba ya pili, rudi, tutalima. Usipoikuta, utakuwa umejua."

Celestina alishuka kwa lori la chumvi. Ziwa lilijitokeza kwanza kama kipande cha anga kilichoangukia kati ya milima, kisha likapanuka mpaka likameza kila kitu. Alivaa lile gauni la bluu na kufunga kitambaa cheupe kichwani. Aliuliza kwa Pankras ni wapi, akaelekezwa chumba kimoja cha tofali mbichi. Mlangoni palikuwa na jozi moja ya ndala, na kwenye kamba yalianikwa mashati ya kiume tu. Mwenyewe alikuwa ufukoni, ndani ya maji hadi magotini, akijaza madumu. Alipomwona alisahau dumu likaelea likaenda zake.

"Umekuja kuona jua?"

"Nimekuja kuona gari. Leo napanda nawe. Likichemsha, nitakuamini. Lisipochemsha, utanishusha dukani, na usisimame tena pale."

Walipakia. Juu ya magunia ya usipa aliketi abiria mmoja, mzee Bartholomayo, mkulima mwenye koti la mvua, jembe na robota la waya wa kutengenezea banda la kuku. Safari ikaanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Pankras alimwomba Mungu gari lake lichemshe.

Gari, kwa ukaidi wake, lilikwenda kama harusi. Bonde likapita, daraja likapita, mshale wa joto haukusogea. Pankras ndiye aliyekuwa akitoka jasho. Celestina alitazama dirishani ili macho yake yasionekane, kwa kuwa naye, moyoni mwake, alikuwa akiomba ombi lile lile.

"Mlima ndio huu," alisema Pankras kwa sauti ndogo.

Akaingiza gia nzito. Injini ikalia kwa nguvu, kona baada ya kona. Mshale ukatikisika. Ukainuka kidogo. Ukainuka zaidi.

"Unapanda!" alipiga kelele Celestina, kwa furaha kama aliyeona mwezi wa Idi.

"Nizime?"

"Usizime! Simama, vuta breki. Endelea kukanyaga mafuta!"

Aliruka chini, akafunua boneti, akainama katika hewa ya moto. Injini ilipovuma, bomba la chini, lile lililorudisha maji kutoka rejeta kwenda kwenye pampu, lilijibana lenyewe likawa bapa kama utepe.

"Achia!"

Pankras akaachia. Bomba likajaa taratibu, likawa duara, zima, lisilo na kosa.

"Kanyaga tena!"

Likajibana tena.

"Njoo uone, Pankras. Mpira umelainika kwa joto. Ukipanda kwa nguvu, pampu inavuta, bomba linajifunga, maji hayapiti. Ukipumzika linajifungua. Mimi nililiminya likiwa limepoa, stendi, penye tambarare." Akainua uso kumtazama. "Hukusema uongo hata mara moja."

"Hata mara moja."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nioe nini! Yaani, nikuoe lini?"

"Mwanamume hajiposei mwenyewe, tena kando ya barabara. Tafuta mshenga."

Juu ya magunia pakasikika kikohozi. "Wanangu," alisema mzee Bartholomayo, "nimekaa hapa nikisikia yote, na usipa umenichoma makalio. Mniruhusu kuwa mshenga, ili tufike leo."

Injini ilipopoa, Celestina alisokota waya wa mzee kwenye mpini wa jembe mpaka ukawa springi, akaupenyeza ndani ya bomba ili lisiweze tena kujibana, akafunga, wakajaza maji ya ziwa. Mlima ukapita chini yao. Nyuma yao ziwa lilibaki likimeremeta, na Pankras akaendesha kwa mkono mmoja bila mtu kuuliza mwingine upo wapi.

Walifika alasiri. Mama Vitalia alikuwa akigeuza kahawa kwenye vichanja uani kwake, nyuma ya kanisa. Mzee Bartholomayo akavua kofia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Shikamoo, mama," alisema Pankras.

Mama hakuitikia. Aliendelea kuchambua kahawa.

"Jumapili nilipika kuku, kijana. Ulikuwa wapi?"

Pankras alifungua kinywa. Alikuwa na jibu moja tu, nalo ndilo hasa lisilosemeka katika ua ule. Akakifunga.

"Gari lilichemsha, mama," alisema Celestina. "Nimeliona kwa macho yangu."

Mama aliinua kichwa. Aliitazama mikono ya binti yake iliyopakaa oili mpaka kwenye viwiko, kola iliyokuwa nyeupe, na uso wake uliotulia. Mzee Bartholomayo akaanza kuizungusha kofia yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema hatimaye. "Ingieni ndani. Kuku mwingine yupo."