Ngozi ya Susu Syokau

Bisha. Bisha sasa hivi, halafu uje jioni ukae na mimi mtoni Kathonzweni, tuone kama suruali yako itarudi kavu.

Mimi ni Mbuvi. Shule niliiacha kidato cha pili, au iliniacha, chagua mwenyewe. Lakini kwa mambo ya ngozi, kutoka hapa hadi Matiliku, watu wanauliza Mbuvi. Nauza vipodozi soko kwa soko: losheni, serumu, sabuni za kung'arisha. Nikikuangalia uso tu najua unajipaka nini na unamdanganya nani.

Dada yangu Syokau alikuwa mkavu. Mkavu, bana! Kiangazi hiki ungeandika jina lako kwa ukucha kwenye mguu wake, likakaa hadi Jumapili. Nilimwita ubao. Alicheka. Alicheka hadi siku mashangazi wa mchumba wake, Mutiso, walipokuja kumwona, na mmoja akasema na chai bado mdomoni, "Kwani huyu mlikosa mafuta ya kumpaka?"

Walipoondoka Syokau akanishika mkono. "Mbuvi, nitoe hii ngozi."

"Wewe tulia. Nitakung'arisha hadi kuku waamke wakidhani kumekucha."

Lakini ngozi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Syokau ni majina wa nyanya yetu, Susu Syokau; aliitwa kwa jina lake. Susu alipokaribia kufa alimpaka dada yangu mafuta ya mbarika mwili mzima, angali mtoto mdogo, akasema, "Hii ni ngozi yangu. Nitakuja kuiangalia." Sisi ni watu wa kanisa. Tukasema amina, tukasahau.

Nilimpa krimu ya kopo jeupe, lisilo na maandishi, niliyoitoa mjini Wote. Kwa ngozi kavu, krimu kama hiyo inapakwa kidogo, tena juu ya mafuta. Nilimwambia. Yeye hakutaka kidogo. Wiki ya pili uso ukawa mweupe. Ya tatu ukaanza kuchubuka, vipande vyepesi kama maganda ya kitunguu.

Jioni moja tukaenda na punda kuchota maji, jua likizama. Mto wetu saa hizi ni mchanga tu. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye. Syokau hakungoja mitungi ijae. Alipiga magoti akaanza kujimwagia usoni.

"Inachoma, Mbuvi. Inachoma..."

Punda wetu akasimama. Masikio juu.

Kisha harufu.

Ugoro. Na mafuta ya mbarika.

Krr... krr... Mtu alikuwa anakwangua mchanga kwa kibuyu kwenye shimo la pili, hatua tano kutoka kwetu. Tulipofika mtoni hapakuwa na mtu pale. Naapa.

Alikuwa mwanamke mzee, mgongo kwetu. Leso ya kijani kichwani.

Ile tuliyomzika nayo.

"Mbuvi," akanong'ona bila kugeuka. "Majina wangu yuko wapi?"

Syokau akasema kwa sauti ndogo, "Susu, ni mimi."

Akageuka. Akaweka kidole kwenye shavu la dada yangu, akakivuta chini, polepole. Kipande cha ngozi kikabaki kwenye ukucha. Akakinusa. Akakitupa.

"Huyu ni nani?" akaniuliza mimi.

Nami, mwanaume, nikasimama kifua mbele nikamwambia, "Ni Syokau wako, Susu. Mwangalie vizuri!"

Nilipopepesa macho hakukuwa na mtu. Shimo letu lilikuwa limekauka.

Tulirudi mbio. Mwaitu, mama yetu, alikuwa mlangoni anapepeta ndengu. Akamwangalia Syokau. Akaweka ungo chini, akapangusa stuli kwa leso yake.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Tukacheka.

Mama hakucheka.

Daktari alisema krimu ilikuwa kali, uso umevimba, watu hawaitambui sura yake, watamzoea. Sawa. Uvimbe ulishuka. Ngozi ikarudi, nyeusi vile vile, kavu vile vile. Mama bado anamtolea kikombe cha wageni. Mbwa wanambwekea. Mutiso alikutana naye njiani akamsalimia kama unavyosalimia mtu anayeuliza njia. Na kanisani, pasta akisema wageni wasimame, watu wote wanageuka kumwangalia. Jumapili iliyopita alisimama. Alitaja jina lake. Wakampigia makofi.

Mimi peke yangu ndiye namjua. Kila jioni naenda mtoni na ugoro na chupa ya mbarika. Nakwangua mchanga hadi kucha zinatoa damu. Susu... Susu, rudi. Niulize tena.

Mara moja tu. Niulize tena...

Sawa. Ile ya kifua mbele ni uongo.

Aliponiuliza, meno yangu yalikuwa yanagongana. Nilijua akimtambua atamchukua, na mimi niko hapo kando, atanibeba pia. Syokau alikuwa ameshika shati langu. Nilimbandua vidole, kimoja kimoja, huku ananiangalia.

Nikasema, "Simjui, Susu. Huyu ni mgeni."