Mtungi Uliosuguliwa

Kioo cha kasha la maonyesho kilikuwa na ukungu kwa ndani. Nje mtaa wa mabanda wa Dharavi uliungua kwa jua, mbwa wamejibanza kwenye vivuli vya mapipa ya maji, na ndani ya kasha lile kulikuwa na mtungi mkavu tu.

"Mtungi unatoka jasho!" Imtiyaz aliwacheka wenzake waliosema hivyo. "Nyinyi ndio mnatoka mkojo."

Huyu Imtiyaz, aliyeikimbia shule kabla hajajua kugawanya, ndiye aliyekusanya kila kitu cha makumbusho ya mtaa: majiko ya mafuta ya taa, cherehani zilizochoka, mifagio. "Watu wa mabanda nao wana historia," alijitapa, kama vile historia kaizaa yeye. Mtungi aliutoa kwa Bibi Badrunnisa, mganga wa kichochoro chao. Kwake, bomba likifunguliwa alfajiri, kikombe cha kwanza humiminwa mtungini kabla mtu hajalowesha ulimi. Bibi alimpa sharti moja: usikauke. Imtiyaz akausugua kwa majivu mpaka ukang'aa, akauanika juani, akaufungia kashani, akabandika kibao: USIGUSE.

"Kitu cha makumbusho hakinywi maji, bibi."

Jioni, alipokuwa akifunga, ukungu ulikuwa umetoweka. Harufu ya udongo uliolowa ikamfuata kichochoroni, ikapita naye kwa mafundi wa ngozi ambako hakuna harufu nyingine inayopata nafasi, ikapanda naye ngazi ya chuma, na mlangoni akasikia gubu, gubu, gubu, akamkuta mama yake amepiga magoti, kichwa chote ndani ya pipa la bluu, anakunywa bila kupumua, tumbo limemvimba, na maji ya nyumba nzima yanashuka mbele ya macho yake.

"Ammi, basi! Utapasuka!"

"Kiu, mwanangu," alinong'ona. Midomo yake ilikuwa imechanika kama tope lililokauka. "Nitakufa kwa kiu."

Bomba lilipofunguliwa alfajiri, Imtiyaz alikuwa tayari amemleta Bibi Badrunnisa makumbushoni.

"Mpangaji wangu wa mtungini umemfungia bila maji, pumbavu wewe," bibi alisema kwa sauti ya chini. "Vunja kioo."

Akavunja. Bibi akamimina kikombe cha kwanza, akaita taratibu, kama anayemwita paka. Wakasubiri. Maji yalitulia mtungini. Hayakupungua hata tone.

"Ameshiba?" Imtiyaz alinong'ona.

"Hajagusa. Ngoja kwanza, kijana..."

Lakini Imtiyaz alishatimua mbio. Nyumbani alimkuta mama yake ameketi, nywele zimechanwa, tumbo limerudi kama kawaida, midomo laini inang'aa.

"Si nilisema? Mwanao hashindwi!" Akacheka huku machozi yakimtoka, akakimbilia pipa lililotoka kujazwa, akamchotea kikombe.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, kabla mwingine yeyote nyumbani hajanywa. Pumzi yake ilikuwa baridi, inanuka udongo uliolowa.

"Hapa pananifaa," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Ila safari hii, usinisugue."