Maua Meupe Shambani kwa Weris

Kila asubuhi, baada ya sala na chai, Weris alikwenda shambani kwake Balambala, kando ya mto Tana. Zamani alikuwa mtu wa mbuzi, si mtu wa jembe. Ukame wa mwaka 1992 ulimaliza mbuzi wake wote. Ndipo jirani yake, Saynab, akampa kibaba cha mbegu za kunde na kumfundisha kulima. Watoto wanne wa Weris wakapata chakula.

Msimu wa kwanza maua yote yalikuwa ya zambarau. Weris akavuna kunde nyekundu, nyingine akaziweka za mbegu. Msimu wa pili akapanda mbegu hizo hizo. Maua yalipochanua, akapigwa na butwaa. Katikati ya zambarau palikuwa na maua meupe pe. Alizunguka shamba mara tatu, na mara zote tatu hakuelewa kitu.

Mfugaji akiona mnyama mgeni zizini, haulizi ni nini. Huuliza nani amemwingiza. Weris naye akauliza hivyo, na jibu likaja upesi mno: Saynab. Lazima alimpa mbegu mbovu zilizochanganywa. Weris akayasema hayo mtoni mbele ya wanawake, na Saynab alipomsalimu akageuza uso. Siku ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili. Sasa ilikuwa ya tatu, na Weris alijua vizuri kwamba Mwislamu hamnunii mwenzake zaidi ya siku tatu. Roho ilimuuma, lakini shingo ilikuwa ngumu.

Asubuhi hiyo bwana shamba alimkuta aking'oa mashina yenye maua meupe. Bwana shamba huyo aliitwa Justus, kijana wa Machakos, mpole ila mwenye maneno mengi.

"Mama, ngoja kwanza. Hiyo kunde ina ugonjwa gani?"

"Rangi," Weris alisema. "Hii rangi si yangu. Saynab alinipatia mbegu ya uongo."

Justus akachuchumaa. Akaeleza kwamba mmea hutengeneza rangi ya ua wenyewe. Maagizo ya kuitengeneza yamo ndani ya mbegu, nusu yametoka kwa mama na nusu kwa baba. Hapo Weris akapotea kabisa. Kunde nayo ina baba? Justus akachora viduara udongoni, vingine vyeusi, vingine vitupu. Weris akavitazama, akamtazama na Justus, akaona kijana wa watu jua limempanda kichwani.

Justus akafuta viduara kwa kiatu. Akafikiri kidogo.

"Mama, kwa mbuzi wako wa zamani, kuna mweupe aliyewahi kuzaa mweusi?"

Weris akaacha kung'oa. "Adey," alisema. "Mbuzi yangu nyeupe. Dume yangu pia nyeupe. Ikazaa mtoto nyeusi kama mkaa."

"Labda dume la jirani liliingia."

"Hakuna. Zizi ilifungwa na miiba. Mama ya mume wangu akasema hiyo ni bibi ya Adey imerudi. Bibi ilikuwa nyeusi."

"Sasa huo weusi ulikuwa wapi miaka hiyo yote?"

"Ndani," Weris alisema polepole. "Ulijificha ndani ya nyeupe."

Justus akatabasamu. Akamwambia kwamba weupe wa maua haya nao ulijificha ndani ya zambarau. Nyuki hubeba unga wa ua hili hadi ua lile, na unga huo ndio baba. Zamani sana maagizo ya rangi yaliharibika katika kunde moja. Haikufa, ilichanua nyeupe tu, na ikazaa. Mmea ukipata maagizo mazima hata kwa mzazi mmoja, ua huwa la zambarau. Ukiyakosa kwa wote wawili, ua huwa jeupe. Kwa mabadiliko madogo kama hayo, maua ya dunia yalipata rangi nyingi. Rangi zilizovuta wadudu zikaenea, kwa maelfu ya miaka.

"Lakini kwa mbuzi nyeupe ilifunika," Weris alisema. "Hapa nyeupe inafunikwa. Kwa nini?"

"Kila kiumbe na maagizo yake, mama."

Weris hakuelewa yote. Alielewa moja, nalo likamchoma. Hakuna mtu aliyeingia zizini.

Jua halijazama, alifika kwa Saynab na majani ya kunde alizozing'oa.

"Asalaam aleykum, abaayo, dada yangu. Nimekukosea."

Saynab alimtazama kwanza. "Waaleykum salaam," akajibu. "Nilikuwa nahesabu siku." Akayapokea majani, akatia maji sufuriani.

Mashina ya maua meupe yaliyobaki yalizaa kunde nyeupe, tamu vilevile. Weris alizitenga mbegu zake, na msimu uliofuata zilichanua nyeupe zote. Kibaba cha kwanza kilikwenda kwa Saynab. Kisha Weris akarudi mtoni, akakiri kosa lake mbele ya wanawake wale wale. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima.

Mmoja wao, Shamso, akauliza: kama si Saynab, basi nani alileta hizo nyeupe?

"Bibi yao," Weris alijibu, akajitwika mtungi wake.